Mkataba wa kufundisha nje wa miaka miwili: nikiondoka mwezi wa tano napoteza nini hasa?

Ubao_Mweupe

Habari zenu walimu. Naomba majibu ya watu wanaoijua mikataba hii kwa undani.

Mkataba ni wa miaka miwili katika shule ya kimataifa Falme za Kiarabu, umeanza Agosti. Somo ni Biolojia, na darasa moja ni la Diploma ya IB (International Baccalaureate, kozi ya kimataifa ya kuingilia chuo kikuu), mwaka wa kwanza. Kipindi cha majaribio ni miezi 6. Kikishapita, notisi ni siku 60. Kuna kifungu kinachosema mwalimu akiacha kazi kabla ya kutimiza mwaka mmoja atarudisha nauli ya kuja na posho ya samani. Mshahara unaingia kwa wakati, nyumba haina tatizo, sina ugomvi na mtu. Ila shule ya nchi nyingine inatafuta mwalimu wa kuanza Januari, na mshahara wake unauzidi huu kwa theluthi moja.

Nataka kujua sheria inanibana kiasi gani, fedha nitakazoziacha ni zipi, na kama ni kweli kwamba kuvunja mkataba mmoja kunamfuata mwalimu miaka yote.

Mwalimu_Mahesabu

Nianze na sheria maana ndiyo fupi. Sekta binafsi ya huko inaongozwa na Amri ya Shirikisho Na. 33 ya 2021, iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022. Majaribio hayazidi miezi 6. Anayetaka kuondoka nchini akiwa bado kwenye majaribio anatoa notisi ya maandishi isiyopungua siku 14. Anayehamia kwa mwajiri mwingine humo humo nchini anatoa mwezi mmoja, na mwajiri mpya ndiye anayemlipa yule wa zamani gharama za kumleta. Ukitoka nchini kisha ukarudi na kibali kipya ndani ya miezi 3, mwajiri mpya anabeba fidia hiyo hiyo. (Kama shule yako iko katika eneo huru la kifedha lenye sheria yake ya ajira, soma hiyo badala ya hii.)

Kwa hiyo mwanzoni mwa Januari, majaribio hayajaisha, sheria haikufungi miguu. Zingatia tarehe lakini. Majaribio yakipita hata kwa siku moja, unaingia kwenye notisi ya siku 60, na usipoitumikia unalipa mshahara wa siku ambazo hukuzifanyia kazi. Ukiondoka kimya kimya na kesi yako ikachukuliwa kuwa ya kuacha kazi kinyume cha sheria, hupewi kibali kingine cha kazi nchini humo kwa mwaka mmoja.

Sasa fedha. Kiinua mgongo hakipatikani mpaka utimize mwaka mmoja kamili wa kazi. Baada ya hapo ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, na kipande cha mwaka huhesabiwa kwa uwiano wake. Chukua mshahara wa msingi wa dirhamu 9,000. Kwa siku ni 300, mara 21 ni 6,300. Ukimaliza miaka miwili ni 12,600. Ukiondoka mwezi wa tano ni sifuri, na mwezi wa kumi na moja vilevile ni sifuri. Siku za likizo isiyo na malipo hazihesabiwi ndani ya utumishi, kwa hiyo mwenye likizo ya namna hiyo asidhani mwaka umetimia kwa sababu kalenda imezunguka.

Tazama vizuri neno "msingi". Mkataba wa dirhamu 15,000 unaweza kuwa na msingi wa 6,000 na posho za 9,000. Hapo siku 21 zinapigwa kwenye 6,000 peke yake, yaani 4,200 kwa mwaka. Ndiyo maana mikataba miwili yenye jumla inayolingana huacha tofauti kubwa siku ya kuondoka.

Ongeza nauli na posho ya samani utakazorudisha, tiketi ya likizo ya kiangazi ambayo hutaipata, na gharama za kuanza upya: kuthibitisha vyeti kwenye ubalozi mwingine, hati ya polisi, vipimo vya afya, amana ya nyumba. Hiyo theluthi inayokuvutia nayo ipime kwa kile kinachobaki mkononi. Ukiwa unalipwa 100 pasipo kodi, na kule unapewa 133 zinazokatwa asilimia 20 ya kodi na michango, unabaki na 106. Kama kule nyumba unajilipia mwenyewe, umeshuka mshahara.

Jambo la mwisho, na wengi hulijua wakiwa uwanja wa ndege: ukiwa na mkopo au deni la kadi, benki inaweza kuzuia akaunti mara malipo ya mwisho ya ajira yanapoingia. Maliza madeni kabla ya kuandika barua.

Kipindi_cha_Saba

Mbona mnamtisha? Majaribio yapo kwa ajili ya pande zote mbili. Shule ingemwacha ndani ya siku hizo 14 bila kuumia. Atoe notisi aende.

Mratibu_wa_Diploma

@Kipindi_cha_Saba, kwa sheria uko sawa kabisa. Ila majaribio ni ya kupima kama kazi inakufaa na wewe unaifaa. Yeye mwenyewe amesema kazi haina kasoro. Kuyatumia majaribio kama daraja la kwenda kwenye mshahara mwingine ni jambo tofauti, na mkuu wa shule atakayeandika barua yako ya mapendekezo anaijua tofauti hiyo.

@Ubao_Mweupe, mikataba ya kwanza ya shule za kimataifa huwa ya miaka miwili kwa sababu mbili. Moja ni gharama ya kumleta mtu. Ya pili ni kwamba Diploma ya IB ni kozi ya miaka miwili, na IGCSE (cheti cha sekondari cha mfumo wa Uingereza) kwa kawaida nayo hufundishwa miaka miwili. Mwalimu anayeanza na kundi Agosti anatarajiwa kulifikisha kwenye mtihani.

Kwa Biolojia hili linaonekana waziwazi. Uchunguzi binafsi wa mwanafunzi unabeba asilimia 20 ya alama, umetengewa saa 10, na ripoti yake haizidi maneno 3,000. Mwalimu ndiye anayekubali swali la utafiti, anayeangalia usalama wa jaribio, anayesoma rasimu moja na kutoa maoni, kisha anasahihisha na kuthibitisha kwamba kazi ni ya mwanafunzi mwenyewe. Mwalimu mpya akipokea kundi katikati, hana njia ya kujua nani aliuliza swali lake mwenyewe na nani alipewa. Ongeza insha ndefu ya maneno 4,000 inayosimamiwa na mwalimu mmoja, na alama za makadirio zinazopelekwa vyuo vikuu. Makadirio yanayoandikwa na mtu aliyewafundisha wiki sita huwa ya woga, yaani ya chini, na mwanafunzi hukosa nafasi kwa ajili hiyo. Ukiondoka Januari, shule haitapata mbadala mwenye uzoefu wa IB kwa haraka, kwa sababu walimu hao wote wako ndani ya mikataba yao, na wanaoiheshimu hawatoki katikati ya mwaka. Wanafunzi watakaa na mwalimu wa muda.

Kuhusu kukufuata miaka yote: mkataba mmoja uliovunjwa hauui kazi ya ualimu, lakini haufichiki. Shule zinazofuata taratibu za kuwalinda watoto hudai historia yote ya ajira bila pengo, na sababu ya kuacha kila kazi. Zinamwandikia mkuu wa shule moja kwa moja. Barua uliyobeba mwenyewe haitoshi. Zinadai hati ya polisi kutoka kila nchi uliyoishi. Ukijaribu kuifuta miezi mitano kwenye wasifu wako, itajitokeza kwenye pasipoti, na hapo swali halitakuwa tena kwa nini uliondoka bali kwa nini ulificha. Mashirika ya uajiri nayo huweza kumwondoa kwenye orodha mwalimu aliyevunja mkataba walioutafuta wao.

Pasipoti_Imejaa

Naongeza nchi nyingine, kwa sababu watu wataisoma mada hii wakidhani kanuni za Falme za Kiarabu ni za dunia nzima.

Saudi Arabia ndiko muda wa mkataba unakobeba uzito kuliko kwingine. Malipo ya mwisho wa utumishi ni nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kisha mshahara wa mwezi mzima kwa kila mwaka. Lakini ukijiuzulu kabla ya miaka miwili hupati kitu. Kati ya miaka miwili na mitano unapata theluthi. Mitano hadi kumi theluthi mbili. Kumi na kuendelea yote. Mkataba ukifika tarehe yake ya mwisho wenyewe, hiyo si kujiuzulu, unalipwa yote. Kwa hiyo mwalimu wa mkataba wa miaka miwili anayejiuzulu mwezi wa 23 anaacha mshahara wa karibu mwezi mzima ambao mwenzake aliyengoja wiki nne anaupokea. Usiandike neno "najiuzulu" kwenye barua wakati unachotaka kusema ni kwamba hutaongeza mkataba ukiisha. Maneno hayo mawili yana bei tofauti.

Korea Kusini, kwa walimu wa lugha wenye viza ya E-2: ukitimiza mwaka mmoja unalipwa mafao yasiyopungua mshahara wa siku 30, yakikokotolewa kwa wastani wa miezi mitatu ya mwisho, na yanatakiwa kulipwa ndani ya siku 14. Miezi kumi na moja haina mafao. Wako waajiri wanaotafuta sababu ya kumwachisha mwalimu mwezi wa kumi au wa kumi na moja kwa ajili hiyo hiyo, kwa hiyo kuanzia mwezi wa tisa weka kumbukumbu za mahudhurio na tathmini zako. Ukitaka kuhamia shule nyingine kabla mkataba haujaisha, unahitaji barua ya mwajiri ya kukuachia. Akikataa, njia iliyobaki ni kungoja tarehe ya mwisho au kutoka nchini na kuomba viza upya.

Japani: mkataba wa muda maalumu haukatizwi bila sababu isiyoepukika katika mwaka wa kwanza. Mwaka ukishapita, sheria ya viwango vya kazi inamruhusu mfanyakazi wa mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja kujiuzulu. Faini iliyopangwa mapema ndani ya mkataba ni marufuku. Ukiacha mwajiri, unaarifu uhamiaji ndani ya siku 14. Na ukikaa miezi 3 bila kufanya shughuli ya hadhi yako ya ukaazi, hadhi hiyo inaweza kufutwa. Michango ya pensheni inaweza kurudishwa kwa mkupuo kwa anayeondoka nchini kama amechangia angalau miezi 6 na bado hajafikisha miaka 10, na maombi yanapelekwa ndani ya miaka miwili tangu kuondoka.

China: notisi ya maandishi ya siku 30, au siku 3 ukiwa kwenye majaribio. Mkataba wa mwaka mmoja hadi chini ya mitatu hauruhusiwi majaribio ya zaidi ya miezi 2, kwa hiyo ukiona miezi 6 kwenye mkataba wa mwaka mmoja, hapo pana kasoro. Sheria ya 2008 inaruhusu faini kwa mfanyakazi katika mambo mawili tu, mafunzo maalumu aliyogharimiwa na masharti ya siri na ushindani, ingawa katika baadhi ya miji mabaraza na mahakama kwa wageni hutazama zaidi kilichoandikwa kwenye mkataba. Kinachokwamisha watu kule ni hati ya kuacha kazi na ya kufutwa kwa kibali. Bila hizo shule mpya haiwezi kukuombea kibali. Ziombe kwa maandishi, siku ile ile unayotoa notisi.

Ukomo_wa_Viza

Marekani nayo iongezwe. Mwalimu wa viza ya J-1 (ya programu za kubadilishana) ana hadi miaka 3, na nyongeza ya mwaka mmoja au miwili ikiidhinishwa. Anayemaliza programu anapewa siku 30 za kujiandaa kuondoka. Anayeikatiza hana siku hizo 30. Na upande wa pili: kuzidisha muda kuna gharama yake. Baadhi ya mikataba ya kodi, ukiwemo ule wa Marekani na Uingereza, inamsamehe kodi mwalimu mgeni kwa muda usiozidi miaka 2, na akipitisha miaka hiyo msamaha unafutwa tangu siku ya kwanza. Kabla ya kukubali mwaka wa tatu, muulize mtu wa kodi.

Kifungu_kwa_Kifungu

Kuuheshimu muda wa mkataba ni wajibu wa pande mbili, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu walimu wengi huvumilia mpaka wanakimbia usiku, kisha wao ndio wanaoandikwa kuwa watoro.

Mwajiri asipolipa mshahara, akikunyima nyumba iliyoandikwa, au akikupangia vipindi 30 wakati mkataba unasema 22, yeye ndiye aliyevunja. Hata hivyo haki hiyo ina utaratibu wake. Katika Falme za Kiarabu, kwa mfano, unaiarifu wizara siku 14 za kazi kabla ya kuondoka, na mwajiri asipojirekebisha ndipo unaondoka bila notisi na stahili zako zikiwa salama. Ukiondoka kwanza na kulalamika baadaye, umepoteza nguvu.

Ushahidi ukusanywe kabla ya kuwa na hasira. Weka nakala ya mkataba uliosainiwa na pande zote, katika lugha zote mbili kama uko katika mbili, na ujue ni lugha ipi inayoshinda zikitofautiana. Katika nchi za Ghuba kwa kawaida ni Kiarabu. Weka taarifa za benki, ratiba ya vipindi yenye tarehe, na barua pepe ulizojitumia kwenye anwani yako binafsi. Barua pepe ya shule hufungwa siku ya kwanza ya mgogoro. Pasipoti ikae kwako.

@Ubao_Mweupe, kifungu chako cha nauli na samani kisome upya. Je, unarudisha chote au kwa uwiano wa miezi iliyobaki? Je, kinagusa pia mwalimu aliyeachishwa na shule? Kama hakisemi, uliza kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi.

Ubao_Mweupe

Asanteni sana. Nimekisoma tena: ni chote, hakuna uwiano, na kinasema "kwa sababu yoyote". Nimepiga hesabu ya kinachobaki mkononi, na ule mshahara mpya, nikitoa kodi na nyumba, uko chini ya huu. Nitabaki. Swali la mwisho: shule ile bado inanipenda. Naweza kuomba wanisubiri, na hii ya sasa niombe kuachiwa Juni, nikiwa nimemaliza mwaka mmoja?

Mratibu_wa_Diploma

Unaweza kuomba. Juni ni afadhali kuliko Januari kwa kila mtu, lakini kundi lako la IB litakuwa nusu ya safari. Ningekushauri Juni ya mwaka wa pili, baada ya mitihani ya Mei. Shule inayomtaka mwalimu mzuri haishangai kuambiwa "nitakuwa huru Agosti ile". Wengine humchukua kuwa mtu wa kutegemewa kwa jibu hilo hilo.

Ukiamua Juni hii, fuata mpangilio huu. Zungumza na mkuu wa shule ana kwa ana kabla ya kumwandikia, na kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Fanya hivyo mapema, kwa sababu shule nyingi huuliza nia za walimu kati ya Oktoba na Desemba na huajiri Januari na Februari. Omba kuachiwa, usitangaze kwamba unaondoka: unaomba kubadilisha tarehe ya mwisho ya mkataba kwa makubaliano. Akikubali, yaandikwe na kusainiwa na pande zote, yakitaja tarehe ya mwisho wa kazi, kwamba mnaachana kwa makubaliano, hatima ya nauli na samani, kiinua mgongo, tiketi ya kurudi, na nani anafuta viza na lini. Usisaini kule kwingine mpaka karatasi hiyo iwe mkononi, maana akikataa utakuwa na mikataba miwili na utavunja mmoja kwa vyovyote.

Na akikataa, hana kosa. Alikuajiri kwa miaka miwili.

Mwalimu_Mahesabu

Kwenye tarehe ya Juni, hesabu siku. Ulianza Agosti, kwa hiyo mwisho wa Juni ni miezi kumi na moja, mwaka haujatimia na kiinua mgongo hakipo. Omba tarehe ya mwisho iandikwe Agosti, baada ya likizo ya kiangazi yenye malipo, siku moja zaidi ya ile uliyoanzia. Kwa msingi wa 9,000, kukosea tarehe hiyo kunakupotezea 6,300, na kifungu cha kurudisha nauli kinakukuta. Stahili zote zinatakiwa kulipwa ndani ya siku 14 baada ya mkataba kwisha, kwa hiyo usifunge akaunti ya benki kabla hazijaingia.

Mratibu_wa_Diploma

Hiyo ya Agosti nilikuwa nimeisahau, ahsante. Nyongeza ya makabidhiano, iwe ni mwaka huu au ujao: kwa kila mwanafunzi acha ukurasa mmoja wenye swali lake la utafiti na tarehe ulipolikubali, rasimu iliyosomwa au bado, alama za mitihani ya ndani, na makadirio pamoja na sababu zake. Orodha ya kemikali na vifaa walivyoagiza ibaki kwa fundi wa maabara. Hifadhi kwenye folda ya idara badala ya akaunti yako, kwa sababu akaunti yako itafutwa.

Ubao_Mweupe

Nimeelewa. Nawaandikia leo kwamba nitakuwa huru baada ya mitihani ya mwaka wa pili.